Mvua, Pampu na Naitrojeni: Hesabu ya Gesi ya Kinga kwa Matangi ya Pwani ya Bagamoyo

Katikati ya miaka ya 2000, kampuni ya Sekab kutoka Sweden ilifika Bagamoyo na mpango wa kulima miwa katika lililokuwa shamba la mifugo la Razaba, ili itengenezwe ethanoli ya kuendeshea magari. Mwaka 2009 mradi ukabadili wamiliki, na 2016 serikali ikafuta hati ya ardhi. Sehemu ya eneo hilo sasa ni mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha Bakhresa. Ethanoli haikutoka hata tone, lakini swali la kiufundi ambalo mradi ungekutana nalo bado lipo kwa yeyote atakayejenga matangi ya aina hiyo kati ya Tegeta na Saadani: je, naitrojeni kiasi gani inatosha kulinda tangi?

Si kila mafuta yanayoihitaji. Ndani ya tangi lililofungwa, mvuke wa petroli kwa joto la pwani huwa mzito mno kuweza kuwaka, na wa dizeli huwa mwepesi mno. Ethanoli ndiyo yenye balaa. Ikiwa na nyuzi joto 30, mvuke wake hufikia takribani asilimia 10 ya hewa iliyo juu ya kimiminika, na mvuke huo hushika moto kuanzia asilimia 3.3 hadi 19. Yaani siku ya kawaida kabisa ya Bagamoyo huuweka katikati ya eneo la hatari. Januari 2004, huko Port Kembla, Australia, tangi la ethanoli lililipuka, paa likang'oka na moto ukawaka kwa saa nyingi.

Kazi ya naitrojeni hapa si kuzima moto. Inanyima moto nafasi ya kuanza. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 10 hivi, mvuke wa ethanoli hauwaki hata cheche ikipita. Meli za mafuta hutakiwa zisizidishe asilimia 8 ndani ya matangi yake, na kipimo hicho kinafaa nchi kavu pia.

Sasa hesabu. Chukua tangi la mita za ujazo 5,000 ambalo pampu yake hutoa mita za ujazo 500 kwa saa. Kila kinachotoka lazima kijazwe na gesi, kwa hiyo 500 ni za pampu. Wengi huishia hapo, na ndipo mambo yanapoharibika. Mchana wa masika bati huwa limeungua kwa jua, kisha mvua inashuka ghafla. Gesi ya ndani inapoa, inasinyaa, na tangi linavuta pumzi. Kanuni ya API 2000, inayohusu upumuaji wa matangi, hupima pumzi hiyo kwa kuinua ujazo wa tangi kwenye kipeo cha 0.7, kisha kuzidisha kwa namba inayotegemea latitudo na joto la mafuta. Kwa tangi letu lisilo na vazi la kuzuia joto, jibu la kwanza ni 388. Bagamoyo iko nyuzi 6 na nusu kusini ya ikweta na mafuta huzidi nyuzi joto 25, hivyo kizidisho ni 6.5. Mvua peke yake inadai karibu mita za ujazo 2,525 kwa saa, mara tano ya pampu. Jumla ni 3,025.

Mji wa Örnsköldsvik, ilikotoka Sekab, uko zaidi ya nyuzi 63 kaskazini. Huko kizidisho kwa ethanoli ya baridi ni 2.5, na mvua ingedai 971 tu. Mchoro wa Sweden ukiletwa Bagamoyo kama ulivyo, utapungukiwa vibaya.

Je, mtu anunue mtambo wa kuzalisha 3,025 kwa saa? Hapana, huo ni ufujaji. Kasi ya mvua ni kubwa lakini haidumu. Tangi lililo karibu tupu, gesi yake ikishuka kutoka nyuzi 50 hadi 30, husinyaa kwa asilimia 6 tu: takribani mita za ujazo 310. Hizo zinaingia katika mitungi 33 hivi ya lita 50 iliyojazwa kwa bar 200, ingawa mbuni makini ataongeza akiba kwa ajili ya mvuke unaogeuka kimiminika ukutani. Basi mtambo upimwe kwa pampu. Valvu, bomba na akiba vipimwe kwa mvua.

Valvu ya kuingiza hewa ya dharura isiguswe. Lazima iweze kupitisha zote 3,025 hata kama naitrojeni ipo, kwa sababu matangi mengi ya aina hii hayavumilii mvuto unaozidi sentimita 2.5 za maji. Zaidi ya hapo bati hujikunja kwa ndani. Akiba ikiisha katikati ya mvua, valvu hiyo itafunguka na hewa itaingia. Msimamizi wa zamu atasimamisha upakiaji, atapima oksijeni, na hataruhusu uchomeleaji jirani hadi kipimo kirudi chini ya 8. Kwa tangi tupu lililojaa hewa, kazi hiyo hula naitrojeni inayokaribia ujazo mzima wa tangi, mita za ujazo 4,800 hivi, na mtambo wa 500 kwa saa utaifanya kwa karibu saa kumi.