Koo Zetu Ziandikwe Wazee Wakiwepo

Maneno ya kamati ya historia kwa wanachama, kwenye mkutano wa mwaka



Mlitutuma kuandika koo za kwetu. Tulidhani kazi ni kukaa na daftari na kuuliza: baba yako nani, babu yako nani. Siku ya kwanza tu tukakwama. Mzee anasema babu yake ni Kulwa. Kulwa yupi? Kila mama aliyejifungua mapacha ana Kulwa na Doto wake, na anayewafuata ni Shija. Tukabadili swali. Sasa tunauliza kwanza mama alikuwa nani, alitoka kaya gani, na ng'ombe wake walitolewa na nani. Hapo wazee huchangamka! Mtu husahau mwaka, lakini ng'ombe wa mahari hawasahau, maana kwa mila zetu mtoto ambaye mama yake hakutolewa ng'ombe ni wa ujombani. (Kwa swali hilo, kuna nyumba tuliaga mapema.) Jina la Nzala linatuambia mtoto alizaliwa wakati wa njaa, la Mabula wakati wa mvua. Tukijua ni njaa ipi, miaka inaanza kujipanga.

Baada ya mdomo, karatasi. Vitabu vya ubatizo vya misheni za zamani kama Ushirombo huandika mtoto, wazazi wake na wasimamizi. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina mafaili ya wilaya ya wakati wa ukoloni, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imehifadhi karatasi za Hans Cory, aliyeandika mila za Wasukuma. Ila karatasi nayo hukosea. Karani aliandika alivyosikia, na jina moja likaandikwa kwa namna tatu.

Haraka ya nini? Sisi ni watu tuliohamishwa. Wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, tuliacha mahame na makaburi porini. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo wakaondolewa Bulyanhulu, na mwaka 2001 mgodi mkubwa ukaanza kazi. Ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, nayo inawatambua ndugu wa marehemu. Lakini ndugu asiyeweza kumtaja aliyelala pale atasimama aseme nini? Tumeonyeshwa kaburi lisilo na alama, familia mbili zikisema ni la babu yao. Tuliandika maelezo ya pande zote mbili. Kuamua si kazi yetu.

Mmetuuliza kama wenzetu waliokuja kuchimba kutoka Kigoma, Mara na Singida nao waandikwe. Ndiyo, waandikwe. Watoto wao wamezaliwa Kakola, na wazee wao wamezikwa hapa.

Tunaomba mchango wa kinasa sauti, kauntabuku, nauli ya kwenda kwenye nyaraka, na saruji ya kuweka alama makaburini. Asiye na fedha atuletee jina la bibi mzaa baba yake na mahali alipozikwa. Wapo wazee wawili tuliowaahidi kurudi. Tuliporudi tulikuta matanga. Wiki ijayo tunaanzia Bugarama.