Mkia wa Daftari Unakiliwe Kwanza

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu wa vyama vya msingi)



Chama kilichohamishia hesabu zake kwenye kompyuta hutunza vitu viwili, ingawa katibu huona kimoja tu. Kuna hifadhidata, ambayo ndiyo leja. Na kuna daftari la miamala, ambamo mashine huandika kila badiliko kwa mfuatano wake kabla ya kulitia katika leja.

Tuseme nakala ya akiba ya leja huchukuliwa saa nne usiku. Kesho yake wakulima wanapima pamba tangu asubuhi, na saa tisa alasiri leja inaharibika. Fundi anaitwa, anaikuta nakala ya usiku, naye anairejesha papo hapo juu ya ile mbovu. Mashine inafanya kazi, wote wanashukuru. Lakini pamba ya kutwa nzima haimo. Mkulima ana stakabadhi ya kilo 300 mkononi. Leja ya chama haizioni. Siku ya malipo ataaminiwa nani?

Kilo zile hazikupotea leja ilipoharibika. Daftari la miamala ni faili la peke yake, na huweza kusalimika, hasa likitunzwa katika diski nyingine. Zilikuwa zingali katika sehemu yake ya mwisho isiyonakiliwa bado, ambayo mafundi huiita mkia. Zilifutwa na haraka ya kurejesha.

Basi, kwanza kazi ya kuingiza hesabu isimame. Mkia unakiliwe, na nakala hiyo iwekwe nje ya mashine ile. Hapo ndipo irejeshwe nakala ya usiku, ikiwa bado imefungwa. Zifuate nakala za daftari zilizochukuliwa mchana, pasipo kuruka hata moja. Mkia uwe wa mwisho, kisha leja ifunguliwe. Programu ya SQL Server, tangu toleo la 2005, hukataa kurejesha juu ya hifadhidata yenye kumbukumbu kamili ambayo mkia wake haujanakiliwa, isipokuwa ikilazimishwa. Fundi anayelazimisha atoe sababu, tena kwa maandishi.

Programu hiyo ina pia namna nyepesi, ambayo daftari hujisafisha lenyewe. Huko hakuna mkia wa kuokoa. Patabaki vitabu vya stakabadhi vya karani wa mizani. Kila katibu amwulize fundi wake chama kimewekewa namna ipi, na amwulize kabla msimu wa ununuzi haujafunguliwa.