Chungu ni cha Mti, si cha Macho

Juma hili nina kosa la kuungama.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alisafiri kwenda kumwuguza dada yake, akaniachia mkwaju wake niutunze. Si mkwaju wa kukaa kivulini. Ulikuwa na kimo cha shubiri mbili tu, ameukuza chunguni kwa miaka 9, akiupunguza matawi na mizizi kwa ule ufundi wa Wajapani uitwao bonsai.

Usiku mmoja paka akakiangusha chungu, kikapasuka. Kwa nia njema kabisa nikaenda kwa wauza maua wa kando ya barabara, nikachagua chungu cha buluu, king'aacho kama kioo. Haukupita muda majani yakaanza kupukutika. Mzee aliporudi alikuta kijiti. Hakunigombeza. Alikigeuza chungu, akatazama chini yake, akasema: "Mwanangu, hiki si chungu, ni bakuli la mchuzi." Hakikuwa na tundu hata moja. Mizizi ilikuwa imeozea majini.

Pengine utasema mng'ao ndio uliouua mti. La hasha. Chungu cha kung'aa hupakwa utando ambao tanuruni huyeyuka na kuwa kama kioo. Cha udongo mtupu hakipakwi kitu. Wengi huamini kwamba hiki cha pili hupumua, na kile cha kwanza huunyonga mti. Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Chungu chetu cha kawaida, kilichochomwa kwa moto mdogo, hupitisha unyevu kama mtungi upozao maji. Udongo wake hukauka upesi, na mwenye mti hana budi kumwagilia mara kwa mara. Lakini vile vya Tokoname, mji wa wafinyanzi huko Japani, huchomwa kwa moto mkali wa zaidi ya nyuzi 1,000, udongo ukashikana kama jiwe. Hata bila kupakwa kitu, havipitishi maji kirahisi. Na vile vya bonsai vinavyong'aa, kwa kawaida ndani havipakwi.

Kwa hiyo, uhai wa mti uko kwenye matundu ya chini na udongo wenye changarawe usiotuamisha maji. Mng'ao ni suala la macho, na hapo Wajapani wana desturi yao. Misonobari na jamii yake huwekwa katika udongo mtupu wa rangi ya kahawia, ili gome kongwe lisishindane na rangi. Miti ya maua, ya matunda na ile ipukutishayo majani huruhusiwa chungu cha kung'aa, mradi rangi ipatane na ua au jani. Kwa kipimo hicho, bogenvilia ingependeza katika buluu. Mkwaju, wenye gome lililochanikachanika, ulistahili udongo mtupu. Nilikosea mara mbili.

Wala tusidhani haya ni mambo madogo. Mwaka 1976 bwana Masaru Yamaki wa Hiroshima aliipa Marekani msonobari ulioanza kutunzwa hivyo mwaka 1625. Bomu la atomiki lilipoangushwa tarehe 6 Agosti 1945, mti huo ulikuwa nyumbani kwa familia yake, nyuma ya ukuta, ukapona. Sasa uko Washington. Mti uliolishinda bomu ungeweza kuuawa na bakuli kama lile langu.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nami naongeza: ukienda kununua chungu, kigeuze kwanza, uhesabu matundu, ndipo utazame rangi.

Nimempelekea mzee mche mpya wa mkwaju, na chungu cha udongo mtupu chenye matundu mawili. Aliupokea, akacheka. Ile miaka 9 siwezi kumrudishia.

Hadi juma lijalo, kwaherini.