Uanafunzi Usioishia Kipaimara: Malezi ya Mkristo katika Bonde la Kilombero

Ndugu makatekista na viongozi wa jumuiya, kijana akishapakwa krisma, mara nyingi daftari la mafundisho hufungwa, wala hakuna tena anayemuuliza anasali vipi. Mazoea haya yanaumiza Kanisa. Paulo alipowaandikia Wakorintho alimtaja mwanariadha anayejinyima mengi kwa ajili ya taji la muda mfupi, akalitofautisha na taji la milele. Kwa Wafilipi, akiwa kifungoni baada ya kuhubiri miaka mingi, alikiri kuwa hajakamilika. Ikiwa Mtume mwenyewe hakujiona amehitimu, kijana wa miaka 15 amehitimu nini? Wapo wanaosema malezi marefu ni ya kabla ya sakramenti tu, wakitaja katekumenato ya miaka 4 aliyoiagiza Kardinali Lavigerie kwa Wamisionari wa Afrika aliowaanzisha katika karne ya 19. Mimi naona mfano huohuo unawapinga: kama kuanza tu kulihitaji miaka 4, kudumu mpaka kufa kunahitaji malezi zaidi.

Hapa Ifakara ugumu mkubwa wa malezi hayo umo katika kalenda. Kwaresima, kipindi ambacho Kanisa hukaza kufunga, kusali na kutoa sadaka, huangukia kati ya Februari na Aprili. Ndipo palizi ya mpunga inapopamba moto, maji yanapotanda bondeni, na familia nyingi huwa zimehamia mashambani, zinalala vibandani mbali na kigango. Baada ya palizi huja kufukuza ndege, kisha mavuno. Anayepima imani kwa mahudhurio ya kanisani atasema waamini wamepoa, na atakuwa amewaonea. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kipaumbele mwaka 1976, walitaka Kanisa liwe pale watu wanapoishi na kufanya kazi. Kwa miezi hiyo watu wetu wanaishi shambani, basi jumuiya ihamie huko. Na huko mazoezi ya roho hayakosekani: kumlipa kibarua ujira wake kwa wakati, kukataa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, hata kama ni wewe unayenunua, kupatana na jirani mliyegombania mpaka, kumsikiliza mfugaji ambaye ng'ombe wake wameingia shambani kabla ya kushika panga.

Wengine watasema wokovu ni neema, haupatikani kwa mazoezi. Ni kweli, nasi hatufanyi mazoezi ili tuununue. Tunajizoeza ili neema tuliyopewa isikose nafasi ndani yetu. Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba anayetazama umilele huyasahau ya dunia. Jibu lake liko mjini hapa. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ilikuzwa na umisioni wa Wakapuchini wa Uswisi, watu walioamini kwa dhati uzima wa milele, na kwa imani hiyohiyo wakawahudumia wagonjwa wa bonde hili.

Jimbo letu la Ifakara, lililomegwa kutoka Jimbo la Mahenge mwaka 2012, bado ni changa na linaweza kupanga upya. Napendekeza semina za viongozi wa jumuiya zifanyike kati ya Agosti na Oktoba, mpunga ukiwa ghalani. Kabla ya Jumatano ya Majivu, kila katekista aandike familia gani inahamia shamba lipi, na wanaolima karibu wachague hukohuko kiongozi wa sala.