Wazee, Tusione Haya Kupimwa
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Kibera na Kawangware)



Naanza na swali kwa wazee: usiku unaamka mara ngapi kukojoa? Mnacheka! Lakini huku kwetu choo ni cha ploti nzima, na nje ni giza. Basi mzee anatumia ndoo, na mama anaimwaga asubuhi. Mama anajua mapema kuliko daktari.

Kuna mzee wa Kawangware niliyemtembelea mara nyingi kwa habari ya mkopo wa kikundi. Alikuwa ameacha kunywa maji jioni ili asiamke. Alinunua vidonge dukani mara tatu. Mimi sikumwuliza hata siku moja. Siku mkojo ulipokataa kabisa, tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni, analia. Figo zilikuwa zimeanza kuharibika.

Shida ni nini? Chini ya kibofu mwanamume ana tezi, ndogo kuliko ndimu, inayozunguka mrija wa mkojo. Baada ya miaka 50, mara nyingi tezi hii hukua na kuubana mrija. Mkojo hutoka kidogo kidogo, mwingine unabaki ndani. Kukua huku, kwa kawaida, si saratani.

Ultrasaundi ni picha inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, si eksirei. Unakunywa maji na kuzuia mkojo. Unalala chali, unapakwa mafuta baridi tumboni, na kifaa kinapitishwa juu ya ngozi. Hakuna sindano, hakuna kisu. Halafu unaenda kukojoa na unapimwa tena, ili mkojo uliobaki uonekane. Uliza kama kipimo hiki cha pili kimefanywa, kabla hujaondoka.

Picha huonyesha ukubwa wa tezi, mawe ya kibofu, na figo zilizovimba. Kwa wenzetu waliokulia Pwani, yaweza kuonyesha pia kibofu kilichoharibiwa na kichocho, hata kwa akina mama.

Lakini picha peke yake haitambui saratani. Kwa hiyo daktari hupima kwa kidole, huagiza kipimo cha damu kiitwacho PSA, na pengine hukata kinyama kidogo kipimwe.

Sasa tufanye hivi:

1. Ukiona dalili, anza na zahanati ya karibu, uombe barua ya kwenda hospitali kubwa kama Mbagathi.
2. Ukiona damu kwenye mkojo, usikawie. Mkojo ukikataa kabisa, usingoje asubuhi.
3. Kila kikundi kitenge fedha kidogo za kumkopesha mwanachama apigwe picha, na mtu wa kumsindikiza.

Mzee yule yu hai. Anatembea na mpira wa mkojo, anangoja kupasuliwa. Ndiye aliyenituma: "Waambie wasione haya kama mimi."

Ya kujadili: Katika kikundi chetu, ni nani anayeteseka kimya? Nani atamwuliza?