Vidonge na Vidole: Hotuba juu ya Shinikizo la Damu



Nimeombwa niseme juu ya shinikizo la damu, maradhi yatuhusuyo hasa sisi makarani tukaao kitini kutwa. Katika uchunguzi wa mwaka 2012 walipimwa watu wa Tanzania wenye umri wa miaka 25 hata 64, na yapata mmoja katika kila wanne alionekana kuwa nayo. Mtu huambiwa anayo kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi, tena si kwa siku moja tu. Wengi hawasikii maumivu yo yote, na hiyo ndiyo hatari yake.

Sisi Waluguru twajua kukanda na kuchua tangu kwa bibi zetu. Wachina nao wana elimu yao ya kubonyeza mahali maalum mwilini. Mahali pamoja pajulikanapo ni upande wa ndani wa mkono, vidole vitatu juu ya kifundo, kati ya kano mbili. Hubonyezwa kwa kidole gumba, taratibu, dakika mbili au tatu, huku mtu akivuta pumzi polepole. Mwili hutulia, na kipimo huweza kushuka kidogo; lakini kushuka huko huwa kwa muda, wala ushahidi wake haujawa imara.

Mjomba wangu wa Mgeta alikandwa kichwa, akaona nafuu, akaviacha vidonge. Akasema, "Kichwa hakiniumi, nameza vya nini?" Miezi mitatu haikupita, akapatwa na kiharusi shambani. Tulimteremsha kwa machela hata barabarani. Yu hai, lakini mkono wake wa kuume haushiki jembe tena. Hakuponzwa na kukandwa. Aliponzwa na kuacha dawa.

Basi nawasihi. Dawa uliyopewa usiiache pasipo shauri la daktari. Mweleze kwamba wabonyeza. Mwenye mimba amwulize kabla ya kuanza. Shingo isibonyezwe kamwe. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku. Kabla ya kupimwa, keti kimya dakika tano. Na ukiona uso umepinda, mkono umelegea au ulimi umekuwa mzito, usitafute mkandaji: nenda hospitali saa ile ile.

Vidonge na vidole na viende pamoja, vidonge vikitangulia.