Pori Nalo ni Darasa



Julai 1960, Jane Goodall aliwasili Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa na darubini na daftari. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amemwona sokwe akitumbukiza ubua wa nyasi katika kichuguu ili avue mchwa. Wataalamu wa wakati huo walishikilia kwamba ni binadamu tu atengenezaye zana. Iliwabidi wafikiri upya.

Miaka minane baadaye, jijini Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, nchi ya mapori na tembo, alianza kuchora wanyama juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi za baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake ungali unaitwa kwa jina lake.

Mmoja alishika kalamu, mwingine brashi. Sayansi na sanaa zina mama mmoja, naye ni jicho lililozoea kutazama.

Jicho hilo halifunzwi ubaoni peke yake. Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, ilitaka shule isitengwe na maisha ya kijiji. Mwaka 1980 zikaanzishwa klabu za Malihai ili vijana wajifunze kuhifadhi mazingira. Hata hivyo, mtoto anayeishi mpakani mwa hifadhi aghalabu humjua tembo usiku tu, mahindi yanapoliwa na baba anapopiga debe. Mchana huona vumbi la magari ya watalii. Kumwambia mtoto huyo kwamba wanyama ni urithi wake, naye hajapata kuingia hifadhini, ni kumfundisha kasuku.

Kambi ya siku tatu yaweza kubadili hali hiyo. Asubuhi wanafunzi hupima nyayo na kuandika. Kisha hupasua kinyesi kikavu cha tembo, wakahesabu mbegu zilizomo na kutambua kwamba mnyama huyo pia hupanda miti. Alasiri huchora walichokiona, kwa kuwa mkono unaochora hulazimisha jicho lisidanganye. Jioni mzee wa kijiji huwatajia majina ya miti na kazi zake.

Lipo pia funzo la kurudi nalo nyumbani. Tembo huwaogopa nyuki na huchukia pilipili. Mizinga iliyotundikwa kuzunguka shamba, au kamba zilizopakwa mafuta machafu na pilipili, hupunguza uharibifu. Hazimalizi tatizo, lakini mtoto aliyefahamu hayo humletea baba yake msaada badala ya hotuba.

Watasema fedha hakuna. Kambi haihitaji hoteli. Yahitaji maturubai, unga na maharage ya shamba la shule, karatasi, penseli, na askari wa wanyamapori ambaye bila yeye mtoto yeyote asiingie porini. Kinachokosekana zaidi ni watu kukaa pamoja: mwalimu mkuu, ofisa elimu wa wilaya na mhifadhi. Wakikaa, nafasi za kwanza wapewe watoto wa vijiji vya mpakani, si wale ambao wazazi wao wana uwezo wa kulipa.

Mwaka 1961, katika Manifesto ya Arusha, Mwalimu Nyerere aliahidi kwamba wanyama watatunzwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Vizazi hivyo sasa vimo madarasani. Samaki mkunje angali mbichi.